Kusomea Sayansi Jinai Ukianzia Moshi

Usianze kwa kutafuta jina la shahada. Kijana akimaliza kidato cha sita na moyo wake uko kwenye sayansi jinai, jambo la kwanza analofanya ni kupekua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) akisaka neno hilo kwenye majina ya kozi. Asipoliona anapolitarajia, ama anakata tamaa, ama anaangukia mikononi mwa wakala wa vyuo vya nje mwenye vipeperushi vya rangi. Mlango wa fani hii mara nyingi hauna kibao hicho. Anayepima sumu kwenye tumbo la marehemu ni mwanakemia. Anayesoma vinasaba ni mtu wa baiolojia ya molekuli au wa maabara za afya. Anayepasua maiti ni daktari aliyeongeza miaka ya patholojia, na anayefufua ujumbe uliofutwa kwenye simu ni mtu wa kompyuta. Kinachowaunganisha wote ni kwamba karatasi zao zitaishia mbele ya hakimu, na upande wa pili atakuwapo wakili anayelipwa kuzipinga.

Jiulize basi: katika kazi hizo, ni ipi ungeifanya hata kama isingekuwa na neno "jinai" ndani yake? Anayechukia kukaa maabara saa tatu akirudia kipimo kilekile asidanganywe na tamthilia za televisheni.

Mauaji, kwa taarifa yako, ni sehemu ndogo tu ya kazi. Juni 28, 2025, basi na Coaster viligongana eneo la Sabasaba, wilayani Same, vikawaka moto. Zaidi ya watu 30 walikufa, na miili mingi iliungua kiasi cha kutotambulika kwa macho. Hali kama hiyo ilitokea Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka. Hapo hakuna muuaji wa kusaka. Kuna jino au kipande cha mfupa kutoka kwenye mwili, kuna mate ya mzazi au mtoto aliyekuja kutafuta wake, na kuna mtu wa maabara anayelinganisha viwili hivyo bila haraka huku ndugu wanauliza kila asubuhi. Uchagani, ambako aliyefia Mtwara bado hurudishwa kuzikwa kihambani kwao, jibu la kipimo hicho ndilo linaloamua nani atazikwa wapi. Mirungi inayokamatwa milimani Same nayo hupimwa kwanza, ili mahakama ijue kwamba majani yale ni mirungi kweli. Kuna gongo lililopofusha watu, kuna mkulima wa kahawa aliyekunywa dawa ya wadudu na familia inataka kujua kama alikunywa au alinyweshwa. Kuna hati ya shamba yenye sahihi mbili zisizofanana. Kesi ya namna hii haiuzi magazeti, lakini ndiyo inayolipa mshahara.

Kama unataka mfano mmoja wa kukufundisha fani nzima, uko Old Moshi. Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine wa Kichaga na Kimeru, na kwa masimulizi ya watu wake kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi, na alipokuwa mtu mzima sana alitoa sampuli ya vinasaba ili ilinganishwe na mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin. Taasisi inayosimamia makumbusho ya huko ilikuwa na mafuvu 1,135 yaliyotoka eneo lililokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mengi yalitoka Rwanda, na 202 yalihusishwa na Tanzania. Septemba 2023 watafiti wakatangaza matokeo. Fuvu moja lililoandikwa "Akida" lililingana kikamilifu na mzawa wa ukoo wa akida wa Mangi Meli anayeishi Tanzania. Mengine mawili kutoka Uchagani yalikaribiana sana na watu walio hai. La Meli mwenyewe halikupatikana.

Lichambue tukio hilo kama mwanafunzi. Kwanza, vinasaba peke yake visingefika popote. Bila neno lile lililoandikwa na mtu zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bila wazee waliokumbuka nani alizaliwa na nani, watafiti wasingejua hata waombe mate kwa familia ipi. Pili, mfupa wa zamani una vinasaba vilivyovunjikavunjika, kwa hiyo huchimbwa pale vinapodumu zaidi, yaani kwenye jino au kwenye mfupa mgumu wa ndani ya sikio. Tatu, na hapa wengi huteleza, kromosomu ya Y hushuka kutoka baba kwenda mwana karibu bila kubadilika. Ikilingana, inakutajia mstari wa kiume. Haikutajii mtu. Katika kijiji cha mlimani ambako ukoo mmoja umekaa kitongoji kimoja kwa vizazi kadhaa, Y hiyohiyo inaweza kuwa kwa babu, kwa wajukuu wake wote wa kiume, na kwa jirani wa ng'ambo ya mfereji. Mtaalamu atakayesimama mahakamani aseme "Y imelingana, ni yeye" katika kesi ya Machame au Kibosho ataangushwa na wakili yeyote aliyesoma ukurasa mmoja. Nne, waliofanya kazi ile walisema wazi kilichopatikana na kisichopatikana, ingawa dunia ilitaka kusikia jina la Meli.

Sasa tuje kwenye karatasi zako. PCB ndiyo tahasusi inayofungua milango mingi: udaktari, maabara za afya, famasia, baiolojia ya molekuli. CBG itakufikisha kwenye baadhi ya shahada za kemia na baiolojia lakini udaktari itakufungia. PCM ni nzuri kwa kemia na kompyuta. Aliyepita njia ya stashahada ya maabara naye anapokelewa, mradi ufaulu wake unafikia kiwango cha kozi, na mara nyingi ndiye anayekuja na mikono iliyozoea kuliko wenzake wa kidato cha sita.

Hapo Moshi mjini unayo KCMC, hospitali iliyofunguliwa 1971, na chuo chake cha tiba kilichoanza 1997. Shahada ya Sayansi ya Maabara za Afya pale ni msingi mzuri kuliko vijana wengi wanavyodhani, kwa sababu inakufundisha damu, vijidudu, vinasaba, na udhibiti wa ubora, na ukihitimu unaweza kupata leseni ya kukulisha hata kama maabara ya jinai haijakuita. Anayetaka kuwa daktari wa maiti ajipange kwa safari ndefu: miaka mitano ya udaktari, mwaka wa utarajali, halafu shahada ya uzamili ya patholojia. Nchi ina wachache mno wa aina hiyo, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia ngumu yenye uhakika mkubwa wa kazi.

Nje ya Moshi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kemia na baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia, SUA Morogoro ina bayoteknolojia na sayansi za maabara, na UDOM ina shahada ya uhandisi wa usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na jina unalolitafuta. Simu sasa imo karibu katika kila jalada la polisi, kwa hiyo usiidharau eti haina koti jeupe.

Watu wa Moshi huuliza kuhusu Shule ya Polisi, kwa kuwa wanaiona kila siku. Ni kweli kwamba Jeshi la Polisi lina kamisheni yake ya uchunguzi wa kisayansi wa makosa ya jinai, na kazi za alama za vidole, risasi na silaha, nyaraka za kughushi na picha za eneo la tukio ziko zaidi huko. Lakini ukienda huko utakuwa askari kwanza: utapita mafunzo ya uaskari, utapangiwa kituo, na maabara itakuja baadaye kama itakuja. Nenda na shahada yako ya sayansi mkononi. Vinasaba, sumu na dawa za kulevya viko zaidi kwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, taasisi ambayo mizizi yake inafika mwaka 1895, na kwa Kanda ya Kaskazini ofisi yake ipo Arusha.

Na ukipanda kidogo juu ya mji, Mweka, kuna chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilichoanzishwa 1963. Sayansi jinai ya wanyamapori ni tawi ambalo vijana hawalifikirii. Timu ya Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington ilipima vinasaba vya shehena za pembe za ndovu zilizokamatwa katika nchi mbalimbali, na mwaka 2015 ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe za tembo wa savana ilitoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka huohuo Kenya ilifungua maabara ya jinai ya wanyamapori Nairobi. Nyama iliyokaushwa ikikutwa kwenye gunia, mwenye gunia atasema ni ya ng'ombe, na atakayembishia kwa ushahidi lazima awe amesoma.

Chochote utakachochagua, kuna somo moja ambalo vyuo hulipitia haraka na mahakama hulikalia siku nzima: utunzaji wa vielelezo. Chukua shati lenye damu lililookotwa Kiborloni wakati wa masika. Limelowa. Anayelikuta analisokomeza kwenye mfuko wa plastiki, rambo lile ambalo lilipigwa marufuku Juni 2019 lakini halikosekani ndani ya nyumba. Anafunga fundo, anaweka kabatini. Siku ya nne ndani ya mfuko kuna joto na unyevu, ukungu umeota, bakteria wamekula vinasaba, na harufu ndiyo iliyobaki. Shati lilelile lilipaswa kuanikwa kivulini, kwenye chumba safi, juu ya karatasi, mbali na nguo ya mtuhumiwa, kisha likunjwe na karatasi katikati ili doa lisihamie upande mwingine, liingie kwenye bahasha ya kaki, ifungwe, na sahihi ipite juu ya kifungio. Bahasha inapumua, plastiki haipumui. Mafunzo haya hayahitaji mashine, unaweza kuyafanya nyumbani leo kwa kitambaa kilicholowa juisi ya rozela na bahasha za duka la vifaa vya ofisi, ukalinganisha baada ya wiki.

Damu ya kupima pombe ina chupa yake, yenye sodiamu floraidi, inayozuia vijidudu kutengeneza au kula pombe. Ukiisahau, dereva aliyekunywa maji tu anaweza kuonekana amekunywa kopo zima la mbege, au kinyume chake. Maiti iliyoanza kuharibika nayo hutengeneza pombe yake yenyewe, kwa hiyo namba peke yake isikutishe. Formalini ni ya vipande vinavyokwenda kuangaliwa kwenye hadubini. Ukimimina kwenye sampuli ya sumu au ya vinasaba, umeiharibu mwenyewe.

Halafu karatasi. Mwaka 2009, katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba safari ya kielelezo lazima ionekane kwa mfuatano, tangu kinakamatwa, kinahifadhiwa, kinahamishwa, kinapimwa, hadi kinatolewa mahakamani. Hukumu za baadaye zililegeza kidogo kwa vitu visivyoweza kubadilishwa kirahisi, lakini unga mweupe ndani ya pakiti hauna huruma hiyo. Ingia TanzLII, ambako hukumu husomwa bure, uisome hukumu hiyo kabla hujaanza mwaka wa kwanza. Kisha tafuta kesi za dawa za kulevya na uhesabu zile ambazo kipimo kilikuwa sahihi lakini mshtakiwa akaachiwa kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza pakiti ililala wapi Jumamosi na Jumapili.

Baada ya kusoma, nenda ukakae mahakamani. Mahakama Kuu Kanda ya Moshi husikiliza kesi za mauaji, na isipokuwa pale inapoamriwa vinginevyo, mlango uko wazi kwa raia aliyevaa kwa heshima na kuzima simu. Kaa nyuma, msikilize daktari au mkemia anapohojiwa na wakili wa utetezi. Utaona kwamba swali linalowashinda wengi ni jepesi kwa sura: "Una hakika kiasi gani?" Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, ilhali wewe utasoma kila kitu kwa Kiingereza. Jizoeze mapema kumweleza bibi yako kromatografia ni nini, kwa maneno anayoyajua, bila kupotosha. Ukiweza kwa bibi, hakimu hatakusumbua.

Jifunze pia makosa ya fani yako, maana wakili atayajua. Alec Jeffreys wa Leicester, Uingereza, aligundua mbinu ya kutambua mtu kwa vinasaba mwaka 1984, na katika kesi ya kwanza ya mauaji ilipotumika, kitu cha kwanza ilichofanya ni kumsafisha kijana wa miaka 17 aliyekwisha kukiri. Muuaji halisi, Colin Pitchfork, alihukumiwa 1988. Upande wa pili wa sarafu, mwaka 2004 FBI ya Marekani ilimkamata wakili wa Oregon, Brandon Mayfield, ikidai alama ya kidole chake ilikutwa kwenye mfuko uliohusiana na milipuko ya treni za Madrid. Polisi wa Hispania walikuta ni ya mtu mwingine kabisa. Mwaka 2009 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba mbinu nyingi zilizozoeleka, kama kulinganisha alama za meno kwenye ngozi, hazikuwa na msingi wa kisayansi uliothibitishwa. Mwalimu asiyekutajia ripoti hiyo, muulize.

Utafiti wako wa mwaka wa mwisho usiutafute mbali, maana Mlima Kilimanjaro wenyewe ni maabara. Muda tangu mtu afariki hukadiriwa, pamoja na njia nyingine, kwa ukuaji wa funza wa inzi, na funza hukua kwa joto. Majedwali mengi ya makadirio hayo yametengenezwa Ulaya na Marekani. Moshi mjini ni chini ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, geti la Marangu lipo zaidi ya mita 1,800, na joto hupungua kwa takribani nyuzi 0.6 kila unapopanda mita 100. Maana yake mwili uliokaa siku nne Njiapanda na uliokaa siku nne juu ya Marangu ni vitu viwili tofauti kabisa. Nunua maini buchani, yaweke kwenye vizimba vya waya katika vituo vitatu vya mwinuko tofauti, tundika kipimajoto, na andika kila siku inzi gani wamefika na funza wana urefu gani. Omba kibali cha chuo, na uwaombe wenye shamba kabla, kwa sababu harufu ya maini ya siku ya tano chini ya mgomba wa watu ni kesi nyingine.

Kuhusu kwenda nje, hakuna ubaya, ila uzamili ni wakati mzuri zaidi kuliko shahada ya kwanza. Strathclyde ya Glasgow ina historia ndefu katika fani hii. Chuo cha kitaifa cha sayansi jinai cha India, chenye makao Gandhinagar, kilifungua tawi Jinja, Uganda, mwaka 2023, na hiyo ni safari ya basi. Kabla hujalipa hata shilingi, ulizia TCU kama chuo na tuzo hiyo vinatambuliwa.

Ajira usidanganywe, nafasi za maabara za jinai zenyewe ni chache na hutangazwa kwa vipindi kupitia Sekretarieti ya Ajira. Ndiyo maana nimekusukuma kwenye shahada pana. Mwanakemia mzuri anayesubiri Mkemia Mkuu anaweza kufanya kazi kwenye ukaguzi wa dawa, viwango, maji, viwanda vya sukari, na siku nafasi ikitoka anaomba akiwa na uzoefu. Simu yako nayo iangalie: picha moja ya maiti iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa inaweza kukufukuzisha na kukufikisha mahakamani kama mshtakiwa, na mwenye maiti huyo huenda ni jirani ya mama yako.

Barua ya kuomba fildi iandike mapema. Taja maabara unayoiomba kwa jina lake, taja vipimo ulivyokwisha kuvifanya kwa mikono yako, na weka tarehe kamili za kuanza na kumaliza. Ambatisha cheti cha chanjo ya homa ya ini aina B, kwa sababu utashika damu za watu usiowajua. Dozi zake kwa kawaida ni tatu na ya mwisho hutolewa mwezi wa sita baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo chanjo ianze kabla ya barua.